Shokapu za mbele za pikipiki ndogo ya zamani: namna ya kuzifufua na kuziimarisha kwa pesa kidogo

Maswali haya huja kila mvua zinapoisha na kuziacha barabara za marumu zimejaa mashimo. "Mbele inagonga kila nikipita tuta, tatizo ni nini?" "Sili nimebadilisha mara mbili na mafuta bado yanavuja." "Nitupe hizi za zamani niweke za Boxer?" Mwongozo huu ni kwa mwenye Honda CG125, Yamaha AG100 au DT125, Suzuki TF125, au pikipiki nyingine ndogo ya rika hilo yenye shokapu za mabomba, ambaye anataka mbele patulie bila kumaliza akiba yake.

Jibu la swali la tatu ni: bado. Shokapu nyingi zinazoitwa "zimekufa" zina mafuta yaliyochoka, sili iliyokatwa na kutu, na springi iliyolegea kwa miaka. Vyote vitatu vinatengenezeka kwa pesa ndogo kuliko seti nzima. Tena ukifunga seti ya pikipiki nyingine bila vipimo, unaweza kuharibu usukani na breki kwa pamoja. Pesa yako iende kwa mpangilio huu: kwanza beringi za usukani na sili, kisha mafuta, kisha springi. Seti nzima ni ya mwisho.

Tukubaliane majina. Bomba la kromu ni lile linalong'aa, lililoshikwa juu na vibano viwili. Mguu ni sehemu ya chini ya alumini inayobeba ekseli na kupanda na kushuka. Fimbo ya ndani ni bomba jembamba lenye matundu lililofungwa kwenye kitako cha mguu. Matundu hayo ndiyo yanayobana mafuta na kupunguza mruko. Kofia ni nati kubwa ya juu inayofunika springi. Sili ni pete ya mpira iliyo juu ya mguu, inayozuia mafuta yasivuje.

## Pima kabla ya kufungua nati yoyote

Bila vipimo hivi viwili hutajua kama kazi yako imesaidia.

Cha kwanza ni urefu wa mwendo, yaani umbali ambao shokapu inabonyea. Funga kebo tai nyembamba (mkanda wa plastiki wa kufungia waya) kwenye bomba la kromu, iguse sili. Endesha kama kawaida yako siku moja, pita matuta na mashimo unayoyajua. Kebo tai itabaki pale shokapu ilipofikia. Pikipiki nyingi ndogo za barabarani zina mwendo wa mm 100 hadi 130; zile za mashambani kama DT huzidi hapo. Ikiwa kebo tai imesukumwa hadi mwisho kabisa, shokapu yako inagonga chini.

Cha pili ni mbonyeo. Inua gurudumu la mbele hewani, pima kutoka ukingo wa sili hadi chini ya kibano cha chini. Shusha pikipiki, panda ukiwa na mzigo wako wa kawaida, mwenzako apime tena pale pale. Tofauti ndiyo mbonyeo. Kwa barabara zetu inafaa iwe kama theluthi moja ya mwendo: kwenye shokapu ya mm 110, iwe mm 30 hadi 37. Ikifika mm 45 au zaidi, springi imelegea au haikuwa na nguvu ya kutosha tangu mwanzo. Ikiwa chini ya mm 20, mbele itakuwa ngumu na gurudumu litaruka juu ya changarawe badala ya kuishika.

Andika namba hizo. Kisha, gurudumu likiwa bado hewani, shika miguu yote miwili ya shokapu uisukume na kuivuta mbele na nyuma. Mlio wa kugonga ukisikika kwenye shingo ya fremu, gololi za usukani zimelegea au vikombe vyake (vyuma gololi zinamozunguka) vimechimbika, na hakuna shokapu itakayoponya hilo. Geuza usukani polepole pia: ukikwama kidogo pale katikati, vikombe vina makovu. Badilisha gololi na vikombe kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Sili mbili mpya. Usinunue kwa jina la pikipiki pekee. Toa ya zamani usome namba zake. Sili iliyoandikwa 31-43-10.3 ina maana tundu la ndani mm 31, kipenyo cha nje mm 43, kimo mm 10.3. Namba zikiwa zimefutika, pima kwa venia (kipimio cha taya kinachosoma sehemu za milimita).
- Washa (pete bapa) mbili za shaba za bolti ya kitako, na oringi za kofia kama zimepasuka.
- Mafuta ya shokapu, lita moja. Miguu miwili haimalizi, lakini utahitaji ya kuoshea na ya kusahihisha.
- Mipira ya kufunika mabomba, ile yenye mikunjo kama kinanda.
- Bomba la maji la PPR la mm 20, nusu mita, na washa nne nene za chuma zinazopita ndani ya bomba la kromu.
- Spana za kawaida, spana ya Allen ya mm 6 na ya mm 8, bisibisi bapa, nyundo ya mpira, koleo la pete.
- Venia, futi kamba, bomba kubwa la sindano lenye kipande cha mpira mwembamba, chombo chenye alama za mililita.
- Msasa namba 400, 1000 na 2000, mafuta ya taa, vitambaa visivyotoa nyuzi, jerikeni ya mafuta machafu.

Jijini Kampala, eneo la Kisekka ndiko vipuri vilikojaa. Nenda na sili ya zamani mkononi na venia mfukoni, maana "ni ile ile" ya muuzaji si kipimo. Kazi za kukereza na kuchomelea zina mafundi wake Katwe. Ukiwa mbali na Kampala, duka la beringi na sili za mashine mara nyingi lina saizi yako hata kama duka la pikipiki halina.

## Kazi yenyewe

1. Legeza bolti ya kitako kwanza. Iko chini ya mguu, ndani ya tundu, huwa ya Allen. Ilegeze robo mzunguko tu, pikipiki ikiwa bado imesimama kwa magurudumu yote na springi ikiwa bado imebana ndani. Springi ndiyo inayoishika fimbo ya ndani isizunguke. Ukishaitoa springi, bolti na fimbo huzunguka pamoja na utahangaika nusu siku. Kama ekseli inaizuia spana isiingie, toa gurudumu kisha mtu abonyeze shokapu kwa nguvu wakati wewe unalegeza.

2. Inua mbele. Weka sanduku la mbao imara chini ya injini, wala si chini ya bomba la moshi. Weka tofali mbele na nyuma ya gurudumu la nyuma.

3. Toa gurudumu, kebo ya breki, kebo ya spidi mita na madigadi. Kabla ya kuvuta ekseli, piga picha ya sahani ya breki. Ina mfereji unaokaa kwenye jino lililo kwenye mguu mmoja wa shokapu. Jino hilo ndilo linaloizuia sahani isizunguke unapofunga breki. Likumbuke, tutalirudia.

4. Legeza kofia kabla ya kutoa miguu. Kwanza legeza bolti ya kibano cha juu inayobana bomba, maana ikibaki imebana, nyuzi za kofia hukwama. Acha kibano cha chini kimeshika. Kwenye pikipiki kadhaa za zamani kofia yenyewe hupita ndani ya kibano cha juu, na hapo huna bolti ya kulegeza.

5. Toa mguu mmoja mmoja. Legeza kibano cha chini, zungusha bomba huku unalivuta chini. Likigoma, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha panua mpasuko wa kibano kidogo sana kwa bisibisi. Usilipige bomba kwa nyundo ya chuma.

6. Fungua kofia na umwage mafuta. Kofia imesukumwa na springi. Uso wako usiwe juu yake, na nyuzi za mwisho zifungue ukiwa umeikandamiza kwa kiganja. Toa springi, pindua mguu juu ya jerikeni, pampu mara kumi. Yaangalie mafuta. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yakiwa na mng'ao wa fedha, alumini inalika ndani na bushi (kola inayoongoza bomba ndani ya mguu) au mguu umechakaa. Yakiwa meusi na mazito kama uji, yamepitwa na miaka mingi.

7. Tenganisha. Malizia bolti ya kitako. Ikizunguka bila kutoka, chukua mpini wa fagio, uchonge ncha kama penseli butu, uugongee ndani hadi ushike kichwa cha fimbo, kisha mwenzako aushikilie wewe ukifungua. Toa kifuniko cha vumbi, kisha pete ya waya iliyo juu ya sili. Usianze kuchokoa sili kabla ya kutoa pete hiyo. Mara nyingi imefichwa na matope yaliyokauka. Baadhi ya shokapu za miaka ya 1960 na 1970 hazina pete: sili imekaa ndani ya kola ya kromu iliyofungwa kwa nyuzi juu ya mguu. Hiyo hufunguliwa kwa spana ya mkanda, huku ukilinda kromu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Sili ikigoma, weka kitambaa au kipande cha mpira kwenye ukingo wa alumini, ingiza bisibisi bapa chini ya sili na uinue kidogo kidogo kuzunguka. Mkwaruzo mmoja kwenye ukuta wa sili unatosha kuleta mvujo ambao hauponi.

8. Osha na ukague. Mafuta ya taa, kisha ufute pakauke. Hapa ndipo mafundi wenye haraka hupapita, na ndiyo maana sili hubadilishwa mara mbili na bado zinavuja.

Bomba la kromu: livingirishe juu ya kioo kinene kilicholazwa mezani. Ukiona mwanga ukipita chini yake na kupotea kila mzunguko, limepinda. Kipimo cha kawaida cha viwanda ni kutozidi mm 0.2. Kupinda kidogo kunanyooshwa na mkereza vyuma mwenye presi. Bomba lenye kunjo linalohisiwa kwa kidole, au kromu iliyopasuka mahali lilipopinda, litupe; likinyooshwa litakatika siku moja ukiwa barabarani.

Kutu: muhimu ni eneo ambalo sili inapita tu, yaani kuanzia ukingo wa mguu kwenda juu kwa urefu wa mwendo na kidogo zaidi. Kutu iliyo ndani ya vibano haina shida. Pitisha ukucha. Kijishimo kinachonasa ukucha kitaikata sili mpya ndani ya wiki. Vijishimo vichache vinaweza kuzibwa: safisha kwa petroli, jaza gundi ya epoksi ya chuma, iache ikauke siku nzima, kisha sugua kwa msasa 400, 1000 na 2000 wenye mafuta hadi usihisi kitu. Vikiwa vingi kama ndui, tafuta bomba jingine au peleka likakerezwe na kupakwa kromu ngumu upya.

Bushi: rudisha bomba kavu ndani ya mguu, livute karibu na mwisho, litikise. Kuchezacheza kidogo ni kawaida. Kugonga si kawaida. Pikipiki ndogo nyingi za zamani hazina bushi ya kubadilisha, bomba linasugua alumini moja kwa moja. Hapo mkereza anaweza kuchimba mguu na kuingiza bushi ya bronzi. Ni kazi ya pesa kiasi, lakini bado iko chini ya bei ya seti nzima, na bila hiyo sili yoyote itapigwapigwa na bomba hadi ivuje.

9. Amua kuhusu springi. Hapa pana kutoelewana kukubwa, kwa hiyo soma polepole.

Kuongeza kipande cha bomba juu ya springi *hakuifanyi springi kuwa ngumu*. Kunaibana kabla, kwa hiyo pikipiki inasimama juu zaidi na mbonyeo unapungua. Ugumu wa kila milimita unabaki ule ule. Springi huwa ngumu zaidi ukipunguza idadi ya mizunguko yake. Hivyo:

Kama mbonyeo ni mkubwa lakini shokapu haigongi chini, ongeza kipande tu, mm 10 hadi 20. Kama inagonga chini hata baada ya mafuta mapya na kipande, springi ni laini kwa uzito wako. Hapo una njia mbili: kununua springi ngumu zaidi za kipenyo na urefu unaolingana, au kukata ulizo nazo.

Hesabu ya kukata ni rahisi: gawa mizunguko ya mwanzo kwa mizunguko itakayobaki. Springi ya mizunguko 50 ukikata 8, zinabaki 42. 50 kwa 42 ni 1.19, yaani imekuwa ngumu kwa asilimia 19. Hilo ni badiliko kubwa. Kwa wengi asilimia 10 hadi 20 inatosha.

Lakini springi iliyokatwa hufika mapema pale mizunguko yote inapogusana, na hapo shokapu hugonga chuma kwa chuma. Fanya hesabu hii kabla ya kushika msumeno. Tuseme springi ina urefu wa mm 360, mizunguko 50, waya wa mm 4. Ikibanwa kabisa inakuwa 50 × 4 = mm 200, kwa hiyo ina nafasi ya mm 160. Ukikata 8, urefu unabaki mm 302, ikibanwa kabisa ni mm 168, nafasi ni mm 134. Shokapu yenye mwendo wa mm 110 na mbano wa awali wa mm 15 kwa jumla (tuseme mm 5 uliokuwepo na mm 10 wa ziada) inahitaji mm 125. Inatosha, kwa akiba ya mm 9. Ukikata 12 nafasi inashuka hadi kama mm 122, na hapo umeharibu. Ziwe na akiba ya angalau mm 5.

Springi ambayo upande mmoja mizunguko yake imesongamana na mwingine imeachana usiikate. Hesabu hii haiifai. Iboreshe kwa kipande na mafuta.

Kukata: tumia diski nyembamba ya grinda, gusa kidogo, poza kwa maji, gusa tena. Kamwe usitumie moto wa gesi wala wa kuchomelea, maana chuma cha springi kikiiva hupoteza nguvu na kulegea. Kata zote mbili sawa, sugua ncha kwa tupa hadi iwe bapa na laini, zioshe chembe zote. Upande uliokatwa ukae juu, ugusane na washa nene, si chini kwenye fimbo. Kabla ya yote hayo zilinganishe mbili pamoja: moja ikiwa fupi kwa zaidi ya mm 5, badilisha zote mbili.

10. Kata vipande vya PPR. Urefu = kipande cha zamani kama kilikuwepo + urefu uliokatwa kwenye springi + mbano wa ziada unaotaka. Kwa mfano wetu: 58 + 10 = mm 68 juu ya kilichokuwepo. Ncha ziwe mraba kabisa, na kila ncha ikae kwenye washa ya chuma. PPR ina ukuta mnene na inastahimili. Bomba jembamba la waya za umeme hupasuka na vipande vyake huziba matundu ya fimbo. Kofia iweze kufungika kwa mkono ukiikandamiza kwa nguvu ya wastani. Ikibidi ukae juu yake, kipande ni kirefu mno.

11. Funga sili. Rudisha fimbo na bomba ndani ya mguu, washa ya shaba mpya, bolti ya kitako yenye gundi ya nyuzi kidogo, Nm 20 hadi 25. Washa mpya ikikosekana, ile ya zamani ipashe moto hadi iwe nyekundu iliyofifia, itumbukize majini. Shaba hulainika na kuziba tena.

Funika ncha ya bomba kwa mfuko laini wa plastiki uliopakwa mafuta, paka midomo ya sili grisi, ishushe maandishi yakitazama juu. Upande wenye springi nyembamba ya duara hutazama mafuta, yaani chini. Iweke sili ya zamani juu yake, kisha kipande cha bomba la PVC linalopita juu ya bomba la kromu, ugonge kwa usawa hadi mfereji wa pete uonekane wote. Pete ikikaa, jaribu kuizungusha: ikae ndani ya mfereji kweli. Usisahau kuitoa sili ya zamani.

12. Tia mafuta sahihi. Mafuta ya injini ya 20W-50 si mafuta ya shokapu, hata kama yapo dukani kwa jirani. Unene wake kwa nyuzi joto 40 ni zaidi ya mara tatu ya mafuta ya shokapu ya 15W, na mbele itakuwa ngumu asubuhi, itapiga mikono kwenye mawe madogo, kisha ibadilike shokapu ikipata joto na jua likiwaka. Mafuta ya breki usiyaguse hapa kabisa. Yanaharibu sili za shokapu.

Kama mafuta maalumu ya shokapu hayapatikani, mafuta ya haidroliki yanafaa. Namba yake ni unene wake kwa nyuzi 40: namba 32 inakaribia 10W ya shokapu, 46 inakaribia 15W, 68 inakaribia 20W. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yako karibu na 32. Anza na 46 kwa barabara za marumu na mzigo wa kawaida. Aliyekata springi ahamie hatua moja juu, kwa sababu springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi na inahitaji kuzuiwa.

Kiasi: fuata kitabu cha pikipiki yako, nyingi za ukubwa huu huchukua kati ya ml 120 na 200 kila mguu. Huna kitabu? Tia mafuta bila springi, pampu polepole hadi mapovu yaishe, shusha bomba hadi chini kabisa, mguu ukiwa wima, kisha pima kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa mafuta. Anza na mm 150, ukinyonya ziada kwa bomba la sindano. Hewa iliyobaki juu ni springi ya pili: ikiwa ndogo, shokapu huwa ngumu zaidi mwishoni mwa mwendo. Kwa hiyo inayogonga chini kidogo tu unaweza kuitibu kwa kupandisha mafuta mm 10 kila mara. Nafasi hiyo isipungue mm 100, maana shinikizo litasukuma sili nje. Miguu yote miwili ilingane.

13. Rudisha. Ingiza springi, kipande cha PPR na washa zake, funga kofia. Vaa mipira ya kufunika kabla ya kuingiza mabomba kwenye vibano, na toboa tundu dogo upande wa chini nyuma ili maji yatoke. Mabomba yote mawili yaingie kimo sawa, vibano viyashike yasiteleze. Mabomba yaliyosimama sawa utayajua ukilaza kioo juu yake yote mawili chini ya kibano: kisicheze kwenye kona yoyote. Rudisha madigadi ya chuma na bolti zake zote nne. Vijana wengi huyatoa kwa ajili ya sura, lakini kwenye shokapu nyembamba hivi madigadi ndiyo yanayoifunga miguu pamoja isipindane.

Weka gurudumu, hakikisha jino limeingia kwenye mfereji wa sahani ya breki. Kaza ekseli, kisha shusha pikipiki, shika breki ya mbele, bonyeza mbele mara kumi ili miguu itafute nafasi yake. Ndipo ukaze bolti za kubana ekseli, na umalizie kukaza za vibano.

14. Pima tena. Mbonyeo, kisha kebo tai siku nzima. Unataka itumie karibu mwendo wote mara moja moja kwenye shimo baya, bila kugonga.

## Ikigoma

*Inavuja upande mmoja baada ya siku chache.* Kijishimo kwenye kromu, au mdomo wa sili ulikatwa wakati wa kuivisha bila plastiki. Kabla ya kufungua, pitisha ukanda mwembamba wa plastiki ngumu chini ya mdomo wa sili kuzunguka bomba. Mara nyingine ni punje ya mchanga tu.

*Inavuja chini, kwenye bolti ya kitako.* Washa ya shaba.

*Inabonyea lakini inarudi kwa kukwama.* Bolti za kubana ekseli zilikazwa kabla ya kupampu, au mabomba hayako sambamba. Legeza kuanzia chini, pampu, kaza upya.

*Inarudi kwa kishindo juu, inagonga ikinyooka.* Mafuta mepesi mno au machache, au umebana springi kupita kiasi.

*Ngumu kwenye mawe madogo, lakini bado inagonga kwenye tuta.* Hii inawachanganya wengi. Mafuta mazito mno na springi laini kwa pamoja. Shuka namba moja ya mafuta, ongeza ugumu wa springi.

*Usukani umepinda ukienda moja kwa moja.* Legeza vibano na ekseli, bana gurudumu katikati ya magoti, nyoosha usukani, kaza.

*Mbele inatikisika ukifunga breki.* Rudi kwenye gololi za usukani, kisha ukague kama ngoma ya breki imekuwa yai.

## Ukilazimika kuweka seti ya pikipiki nyingine

Mabomba yakiwa yamepinda yote mawili au miguu imepasuka, za Boxer huvutia kwa sababu vipuri vyake viko kila kituo. Pima haya kabla ya kulipa: kipenyo cha bomba dhidi ya vibano vyako, upana kati ya miguu, kipenyo cha ekseli, na urefu kutoka katikati ya ekseli hadi kibano cha juu. Urefu ukizidi wa zamani kwa zaidi ya mm 20, usukani utakuwa mzito kugeuka. Ukipungua kiasi hicho, utakuwa mwepesi kupita kiasi na gurudumu linaweza kugusa kibano shokapu ikibonyea. Unaweza kusahihisha mm 5 hadi 10 kwa kupandisha mabomba ndani ya vibano, si zaidi. Mara nyingi ni rahisi kuchukua seti yote pamoja na vibano, shina la usukani, gurudumu na breki yake, kisha mkereza akalinganisha vikombe vya shingo.

Na lile jino. Ukichanganya mguu wa pikipiki moja na sahani ya breki ya nyingine, hakikisha jino linaingia mferejini kwa kina chake chote na haliwezi kutoka hata ekseli ikilegea. Usilifunge kwa waya, wala usichomelee kipande cha chuma kwenye alumini ya mguu. Sahani ikiachia, huzunguka na gurudumu, kebo hujiviringisha kwenye ekseli, na gurudumu la mbele hukwama ghafla ukiwa mwendoni. Jaribu breki ukisukuma pikipiki kwa mguu, kisha kwa mwendo wa kutembea kwenye uwanja mtupu, kisha kagua jino tena kabla ya kubeba abiria.